Albamu ya Shilingi 350,000 kwa Mtoto Mwenye Pengo

Jumamosi moja ya mwezi Januari, tulipokuwa tukitoka kununua madaftari na soksi za shule katika mitaa ya Makoroboi jijini Mwanza, kijana mmoja mtanashati aliyevaa kitambulisho shingoni alitusimamisha, akaniamkia kwa adabu, kisha akamtazama binti yangu wa miaka sita na kusema, "Mama, huyu mtoto ana sura ya matangazo." Sitaficha kwamba nilifurahi. Mzazi akisifiwa mwanawe hulegea, na wanaofanya kazi ya kusimamisha watu barabarani wanalijua hilo vizuri kuliko sisi. Alinipa kadi, akachukua namba yangu ya simu, akanieleza kwamba wakala wao anatafuta wanamitindo watoto kwa ajili ya kampuni kubwa na kwamba nafasi zilizobaki zilikuwa tano tu.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwao. Kilikuwa chumba kimoja cha kupanga, ghorofa ya pili, chenye picha za watoto wanaong'aa ukutani na fomu zilizopangwa mezani. Gharama, nikaambiwa, ni shilingi 350,000, ambazo zinajumuisha usajili, mafunzo ya kutembea jukwaani na albamu ya picha ambayo lazima ipigwe na mpigapicha wao. Nilipouliza kama ninaweza kuleta picha nilizompiga mwenyewe, nilijibiwa kwamba hazina kiwango.

Binti yangu alikuwa amekaa pembeni yangu akicheka, na alipocheka pengo lake lilionekana lote, kwa sababu meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka wakati wa Krismasi. Nikajiuliza albamu hiyo itamfaa nani ifikapo Pasaka. Mtoto wa umri huo hubadilika kila baada ya miezi michache: meno hutoka na kuota, uso hurefuka, nguo iliyomtosha mwezi wa kwanza humbana mwezi wa sita. Ndiyo maana katika nchi ambako kazi hii ni ya siku nyingi, mawakala makini wanaopokea watoto wadogo huridhika na picha chache za kawaida, moja ya uso na nyingine ya mwili mzima, zilizopigwa hata kwa simu kwenye mwanga wa dirishani, mtoto akiwa hana vipodozi wala mapambo, pamoja na maelezo ya urefu wake, saizi ya nguo na saizi ya viatu. Albamu ya gharama inaweza kumfaa mtu mzima ambaye sura yake itabaki vilevile kwa mwaka mzima au zaidi. Anayemlazimisha mzazi wa mtoto mwenye pengo kuilipia ama haifahamu kazi anayodai kuifanya, ama kazi yake halisi ni kuuza albamu.

Wakala wa kweli hula pale mwanamitindo anapokula. Hutafuta kazi, mteja hulipa, naye hukata kamisheni yake, ambayo mara nyingi huwa kati ya asilimia 10 na 20 ya malipo. Nchini Uingereza sheria inamkataza wakala kumtoza mwanamitindo ada kabla ya kumtafutia kazi. Kwa hiyo nilimuuliza yule kijana anitajie wateja watatu waliowahi kuwatumia watoto wake, na anionyeshe matangazo yenyewe. Alisema majina ya wateja ni siri. Jibu hilo lilinishangaza, maana tangazo ni kitu kinachotundikwa barabarani ili kila mtu alione.

Hapa inafaa kuangalia na mji wetu wenyewe. Matangazo makubwa ya nchi hii kwa sehemu kubwa hutengenezwa Dar es Salaam, yaliko makao makuu ya kampuni nyingi na ofisi za watu wa matangazo. Mwanza tuna maduka, shule binafsi, hoteli, mafundi cherehani na samaki, na sangara wa soko la Mwaloni anauzika bila kuhitaji mwanamitindo. Kazi za watoto zipo, lakini ni chache na ndogo. Kijana alikuwa amejisifu kwamba ameshasajili watoto 40. Nilipiga hesabu nikiwa kwenye daladala ya kurudi Igoma: 40 mara 350,000 ni shilingi milioni 14. Biashara hiyo ilikuwa imekwisha kulipa, hata kama hakuna mtoto hata mmoja ambaye angesimama mbele ya kamera kwa ajili ya tangazo.

Kuhusu makaratasi, wengi wetu hudanganyika kirahisi. Alinionyesha cheti cha BRELA, taasisi ya serikali inayosajili majina ya biashara, na kweli kilikuwa na mhuri wake, lakini cheti cha jina la biashara huthibitisha tu kwamba jina hilo limesajiliwa, hakielezi kama mwenye jina ni mwaminifu. Nilichokisoma kwa makini zaidi ni leseni ya biashara iliyokuwa ukutani, kwa kuwa leseni hutaja aina ya biashara, na ile ilitaja huduma za uchapaji na kudurufu. Nilipouliza kama wamesajiliwa na BASATA, baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984 kusimamia masuala ya sanaa nchini, niliambiwa kwamba "mchakato unaendelea". Mzazi anayetaka uhakika anaweza kuuliza kwa afisa utamaduni wa halmashauri yake, iwe Jiji la Mwanza au Manispaa ya Ilemela, na kuuliza hakumgharimu kitu.

Mkataba ulikuwa wa kurasa nne, kwa Kiingereza. Niliomba niende nao nyumbani ili kaka yangu ausome. Kijana akakataa, akisema nisaini leo au nafasi iende kwa mwingine. Nilisoma palepale kadiri nilivyoweza. Kifungu kimoja kiliwapa haki ya kutumia picha za mtoto popote na kwa muda usio na mwisho, na kingine kilitaja maonyesho ya mavazi ya usiku hotelini. Nilisimama hapo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kufanya kazi, tena iwe kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma, na inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti. Kwangu mimi, mtoto wa miaka sita anaweza kupigwa picha siku moja, mchana, mzazi akiwa ndani ya chumba hichohicho na matumizi ya picha yakiwa yameandikwa: zitatumika wapi, na kwa muda gani. Zaidi ya hapo ni ajira, na mwanangu hana umri wa kuajiriwa.

Jioni ile kijana alinitumia namba ya kulipia. Nilipoijaribu, jina lililotokea kabla ya kuthibitisha lilikuwa la mtu binafsi, si la wakala, nikakatisha. Baadaye kaka yangu alizitafuta kwa Google picha mbili nilizokuwa nimezipiga pale ukutani, na zote zilikuwa za watoto wa katalogi za nguo za ng'ambo. Ujumbe uliofuata ulinitaka nitume picha za binti yangu "akiwa na nguo nyepesi ili umbo lionekane". Sikujibu. Niliuhifadhi, nikapiga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, nikaeleza yote. Hilo ndilo jambo pekee ambalo najuta kulichelewesha, kwani nilipaswa kupiga tangu nilipoona kile kifungu cha maonyesho ya usiku.

Mwezi Machi, fundi anayetushonea sare aliniuliza kama binti yangu anaweza kuvaa sweta na sketi zake kwa ajili ya bango la duka. Tuliandika karatasi moja kwa Kiswahili: bango la dukani tu, mwaka mmoja, shilingi 30,000 na sare moja. Picha zilipigwa kwa dakika 20 kando ya ziwa, mimi nikiwa nimeshika chupa yake ya maji, na fundi alisisitiza acheke na pengo lake, kwa kuwa wateja wake ni wazazi wa watoto wa darasa la kwanza. Bango lilipotundikwa mwezi Juni, meno mapya yalikuwa yameshaota. Bibi yake alipokuja kutoka Ukerewe tukampeleka kuliona, binti yangu alilitazama kwa muda, akasema yule ni mdogo wake.