Mei Mosi ugenini

Leo hakuna vipindi. Walimu wenzangu walitawanyika kwa ndugu zao tangu jana jioni. Mimi nimebaki na madaftari 34 na ukimya wa jengo zima. Upweke umenibana, sifichi.

Wiki iliyopita darasa liliniuliza kwa nini Mei Mosi ni mapumziko. Nikawasimulia wafanyakazi wa Chicago waliogoma mwaka 1886 wakidai siku ya kazi iwe saa 8. Msichana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, na wewe utapumzika na nani?" Nilikosa jibu.

Asubuhi hii nimeanza na daftari lake. Pembeni ameniandikia salamu kwa Kiswahili, amekosea herufi moja tu. Sikuigusa kwa kalamu nyekundu. Mengine yatasubiri, nampigia mama.