Gari Liwashwe Likiwa Baridi

"Mama, kwani yule wa ghorofa ya pili yuwapata wapi pesa za Benz?"

Binti yangu aliniuliza hivyo Jumamosi, yuko dirishani, msafara wa harusi unapita chini na honi zake. Huyo bwana ni karani tu, na mkewe auza viazi karai jioni. Nilimwambia amuulize Mjomba, ambaye naye ana Benz aliyoinunua ikiwa imetumika. Halafu nikaona Mjomba atamsimulia ile sehemu anayoipenda yeye, na siku ile tulipokwenda Bamburi kulikagua gari lake, karatasi na kalamu nilizishika mimi.

Ilikuwa Februari 2022, hapa Mombasa, kaskazi bado yavuma. Mjomba alikwisha amua na hapakuwa na wa kumrudisha: Benz C200 ya mwaka 2010, nyeusi, namba ya KCN. Mwenyewe ataka 1,450,000. Kwa pesa hizo, siku zile, ungeingia yadi za magari za Nyali ukatoka na Toyota Axio iliyoshuka melini, na hakuna jirani ambaye angeuliza umezipata wapi.

Watu wengi hapo ndipo wanapokosea hesabu. Huona nyota ya mbele wakadhani bei ni ya nyota. Gari la aina hii huporomoka thamani miaka ya mwanzo, na hasara hiyo huibeba wa kwanza. Kule Japani gari jipya hukaguliwa likifika miaka 3, kisha kila miaka 2, na kila ukaguzi una gharama zake, kwa hivyo wengi huona afadhali waliuze. Wa pili ni yule aliyelileta bandari ya Kilindini akalipa ushuru. Wewe ukija wa tatu, yote hayo yamekwisha lipiwa na wenzio.

Mjomba kwanza alitaka kuagiza mwenyewe, na sheria ya Kenya haikubali gari lililopita miaka 8. Kwa hivyo ingebidi iwe ya 2015, ambayo ni umbo jipya na bei nyingine kabisa. Nikamwandikia ushuru ulivyokuwa mwaka ule kwa injini yenye ujazo uliozidi cc 1500. Chukua thamani ya shilingi 100. Ushuru wa forodha 25. Juu ya hiyo 125 weka ekisaizi (ushuru wa bidhaa) asilimia 25, yaani 31.25. Juu ya jumla, VAT ya asilimia 16, shilingi 25 kamili. Kisha ada ya tamko la uagizaji 3.50 na ya reli 2. Jumla ni 86.75. Na hiyo 100 si pesa uliyomlipa Mjapani. KRA, mamlaka ya kodi, wana orodha yao ya bei za magari yakiwa mapya, hupunguza uchakavu kwa umri, ndipo wakapata thamani yao. Ukipata gari kwa bei ya kutupa mnadani, raha hiyo ni yako na Mjapani. Tangu Julai 2023 forodha imepanda hadi asilimia 35, na hesabu ile ile leo inafika kama 100. Yaani kila shilingi ya gari, serikali nayo yataka ya kwake.

Basi tukabaki na KCN.

Pesa zake zilitoka sehemu mbili. Tuktuk mbili aliziuza, akaongeza na akiba ya ndani. Zilizobaki, 600,000, alikopa sacco yake, chama cha akiba na mikopo, wanaokopesha mara tatu ya akiba. Asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, miezi 36: kila mwezi kama 19,930, na riba yote haifiki 118,000. Kuna dalali alimletea mkopo mwingine "wa asilimia 12 vile vile", ila riba yapigwa juu ya 600,000 yote mpaka mwisho. Huo ni 22,667 kwa mwezi, riba 216,000. Maneno ni yale yale, tofauti ni karibu laki moja. Na wale wa kuweka logibuku, kitabu cha umiliki wa gari, dhamana, asilimia 4 kwa mwezi, sikumaliza hata kuandika: riba peke yake 24,000 kila mwezi, na deni hujaligusa. Magari mengi ya fahari yanayouzwa kwa haraka mjini yamepitia mlango huo.

Sasa Bamburi. Tulifika saa tatu asubuhi, mimi, Mjomba na fundi wetu wa Kisauni. Gari limeoshwa, matairi yamepakwa dawa yang'aa. Mjomba keshafungua mlango anusa ngozi ya viti. Fundi hakusema neno. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo, akaniangalia. Joto. Gari limewashwa kabla hatujaja.

"Nilikwenda kununua mkate," mwenye gari akasema.

"Sawa, bwana," fundi akajibu. "Kesho alfajiri tutarudi. Na mkate kesho tutakuletea sisi."

Mjomba alikasirika njia nzima. Alidhani gari litakwenda kwa mtu mwingine usiku huo huo.

Kesho yake tulikuwa pale baada tu ya Subuhi. Boneti baridi, ina umande. Fundi aliifungua, akachomoa kijiti cha oili akakifuta, akampa Mjomba ufunguo, akamwambia: "Ukiwasha usikanyage mafuta. Na msiseme kitu nyote." Kisha akainama, sikio upande wa mbele ya injini, pale inapopita cheni ya taimingi, inayozungusha kamshafti za kufungua vali.

Ufunguo ukazunguka. Injini ikashika, na hapo hapo ikatoa mlio wa krrrr, mkavu, kama mtu anavuta mnyororo juu ya bati. Sekunde mbili hivi. Ukakatika. Baada ya hapo injini ikanguruma laini, tulivu, kama haikufanya lolote. Mjomba alikuwa anatabasamu. Yeye alisikia ule utulivu tu.

"Zima," fundi akasema.

Mwenye gari akasema ni baridi ya asubuhi. Mombasa, Februari.

Injini ya gari lile ni M271 ya cc 1800, na cheni yake ni nyembamba, ya safu moja. Ikivutika, au meno ya zile gia mbili za kurekebisha kamshafti yakilika, gari likiwaka baridi kabla oili haijapanda ndipo husikika mlio ule. Oili ikishika shinikizo tensheni hukaza cheni na kelele hupotea. Ndiyo sababu ya kwenda kununua mkate. Ukiiacha, siku moja cheni itaruka jino, vali zigongane na pistoni, na hapo hununui cheni tena, wanunua injini. Kinachoiua mapema ni oili: watu hupitisha muda, au hutia ya bei nafuu ya matatu. Inataka lita 5.5, yenye idhini ya Mercedes ya 229.5 iliyoandikwa kwenye mtungi.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Fundi alichomoa plagi ya sumaku za kamshafti mbele ya injini akatazama kama oili imeingia ndani ya waya, ilikuwa kavu. Alitia jeki nyuma akagonga sabufremu, chuma kinachobeba magurudumu ya nyuma, kwa bisibisi, kwani chuma hicho kwenye toleo hili huoza kwa chumvi ya barabara za theluji, na chumvi yetu ya bahari haingoji theluji. Kutu ya juu juu tu. Mashine ya kusoma kompyuta ikatoa kilomita zinazokaribiana na za dashi. Mimi nililipia kutafutiwa rekodi za gari NTSA, mamlaka ya usafiri barabarani, shilingi 550, na hapo ndipo nilipopata la kwangu: logibuku ina majina mawili, la mwenye gari na la benki. Deni alikwisha lilipa, asema, ila hakuwahi kuliondoa jina. Nikamwambia Mjomba pesa zisitoke hata senti mpaka barua ya benki ya kuachilia gari iletwe na uhamisho uonekane kwenye akaunti yake ya NTSA. Ilichukua wiki tatu, na Mjomba hakunisemesha karibu muda wote huo.

Bei ilishuka hadi 1,280,000. Fundi alizitenga zile 170,000 zilizopungua akakataa ziguswe: cheni, gia zote mbili, tensheni na kazi vilikula 140,000. Cheni mpya huungwa na ya zamani, injini ikazungushwa kwa mkono taratibu mpaka mpya imeingia yote. Akiharakisha mtu hapo, taimingi imepotea. Kanuni ya fundi ni kwamba asiyekuwa na angalau sehemu ya kumi ya bei mkononi baada ya kununua, hajanunua gari, amelishika kwa muda.

Sehemu anayoipenda Mjomba ni ya harusi. Shaabani yote na baada ya Idi gari halilali: maua mbele, utepe, 15,000 kwa siku, mafuta juu ya wenye harusi. Hasemi kwamba Ramadhani haliingizi kitu. Hasemi pia kwamba bima ya gari la binafsi haikulipi ukipata ajali ukiwa umelikodisha. Mpaka nilipompigia kelele akabadilisha bima, na malipo yakapanda. Wala hasimulii ile Ijumaa ufunguo ulipoingia na gari likanyamaza kimya, hata taa za dashi. Kufuli ya usukani ya umeme, ugonjwa wa C-Class hizi zote; kijimota chake hufa bila kuaga. Gari likabebwa juu ya lori mpaka Kisauni, bwana harusi akaenda kuoa ndani ya Probox.

Ana daftari la mapato na matumizi, na kwa daftari hilo gari limejilipa. Ila zile 19,930 za kila mwezi hakuziandika hata mara moja, kwa kuwa, asema, sacco ni yake na mtu hajidai mwenyewe. Tumebishana hilo mara nyingi. Nikizitia, hesabu yageuka, akizitoa, yarudi. Mkaza mjomba anasema tumwache, maana kabla ya gari alikuwa akikaa barazani kutwa akilalamika magoti.

Mkopo uliisha 2025. Sasa ameanza kuulizia E-Class ya zamani, ile yenye suspensheni ya hewa. Nimemwambia aanze kwa kuuliza bei ya mifuko miwili ya mbele na pampu yake, kabla hajauliza bei ya gari. Amesema ameshauliza. Jibu hakunitajia.