Bega la Mzee wa Sewanee

Juzi mwanangu aliniuliza, "Baba, ni kweli zamani walicheza futiboli ya Marekani bila kofia ngumu?" Nilimjibu kwamba ni kweli, lakini mawazo yangu yalikuwa yamekwisha kurudi Sewanee, juu ya milima ya Tennessee, Jumamosi ile ya baridi ambayo mwenyeji wangu alinipeleka kutazama mechi ya chuo.

Mechi yenyewe siikumbuki sana. Namkumbuka mzee aliyesimama karibu nami wakati wa mapumziko, akisimulia msimu wa 1899 wa timu ya chuo cha Sewanee kana kwamba aliushuhudia. Mwanafunzi Luke Lea, meneja wa timu ambaye baadaye alikuwa seneta, alipanga safari ya treni ya kilomita zipatazo 4,000, na kati ya tarehe 9 na 14 Novemba vijana wale walicheza mechi 5. Walizifunga timu za vyuo vingine: Texas 12–0, Texas A&M 10–0 na Tulane 23–0, wakapumzika Jumapili, kisha wakaifunga LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) 34–0 na Mississippi 12–0.

Nilipomwuliza waliwezaje, aliweka chini kikombe chake cha kahawa, akanisimamisha kando yake, akapitisha mkono kiunoni mwangu na kulikaza bega lake dhidi ya bega langu. Alinieleza kwamba pasi ya mbele, yaani kumrushia mwenzako mpira kuelekea mbele, haikuruhusiwa hadi 1906, hivyo mbeba mpira alisukumwa na wenzake kupenya katikati ya miili ya wapinzani, na aliyetolewa uwanjani hakuweza kurudi. Kisha akasukuma. Alikuwa mwembamba, lakini niliuhisi mfupa wa bega lake kupitia koti zito la sufu, viatu vyangu vikateleza kwenye nyasi zilizolowa, pumzi ikanikatika. Alinidaka nisianguke, akaniambia nifikirie msukumo huo ukirudiwa mechi nzima, kesho yake tena, na keshokutwa pia.

Sewanee ilimaliza msimu kwa ushindi wa mechi zote 12. Ni Auburn pekee, chini ya kocha John Heisman, iliyopata pointi dhidi yao, nayo ilishindwa 11–10 mjini Montgomery tarehe 30 Novemba. Siku mbili baadaye North Carolina ilifungwa 5–0 mjini Atlanta.

Wengi husifu zile mechi 5, nami nazisifu kwa dhati, ingawa kwangu ushindi wa Montgomery ni mkubwa zaidi, kwa kuwa hapo ndipo walipokaribia kuanguka wasianguke. Lakini safari ile ilipangwa ili kufidia mapato ya kiingilio yaliyokosekana baada ya mechi na chuo cha Vanderbilt kutofanyika, na kila nikilikumbuka lile bega nashindwa kuamua kama ninachokisifu ni ushujaa wa vijana wale, au ni mzigo ambao wanafunzi hawakupaswa kubebeshwa.