Kutoka Whitehall hadi Devon: nikiwafuata washairi wa Charles wa Kwanza

Nilianzia Whitehall, London, kwenye Banqueting House, yaani jumba la karamu. Ndilo jengo kubwa lililosalia la ikulu ya Charles wa Kwanza, mfalme wa Uingereza katika karne ya 17. Sehemu kubwa ya ikulu iliteketea kwa moto mwaka 1698. Inigo Jones ndiye aliyelisanifu, likakamilika mwaka 1622. Ukumbi wake una urefu wa mita kama 34, upana 17 na kimo 17. Kabla ya kwenda, hakikisha siku hiyo liko wazi, maana hufungwa kwa matengenezo na kwa shughuli maalumu.

Humu ndani, Februari 1634, lilichezwa onyesho la kifahari alilolitunga mshairi Thomas Carew, na mfalme mwenyewe akawa miongoni mwa wachezaji. Carew hakulipwa kwa ushairi. Cheo chake kilikuwa kuandaa vyakula mezani kwa mfalme. Mshairi mwenzake John Suckling alikuwa mwanajeshi na mcheza kamari, na mwaka 1639 alimpelekea mfalme wapanda farasi 100 kwa gharama yake. Kwa watu wa namna hiyo, shairi lilipaswa kuonekana kama limewatoka tu wakiwa kwenye maongezi. Wengi husoma wepesi huo wakadhani ni uvivu. Mimi naona ni jasho lililofichwa kwa ustadi mkubwa.

Inua macho utazame dari. Picha za mchoraji Rubens ziliwekwa mwaka 1636, na kwa kuwa moshi wa mienge ungeziharibu, maonyesho yakahamishiwa kwenye ukumbi wa mbao uliojengwa jirani. Tarehe 30 Januari 1649 Charles, aliyekuwa ameshindwa vitani na Bunge, alipita chini ya picha hizo akielekea nje, jukwaani, kukatwa kichwa.

Kutoka hapo hadi kanisa la Westminster Abbey ni mwendo mfupi kwa miguu. Kaburi la Ben Jonson, mshairi na mwandishi wa tamthilia aliyefariki mwaka 1637, liko upande wa kaskazini wa ukumbi mkuu. Alizikwa wima, kwa hiyo jiwe lake ni dogo na ni rahisi kulipita bila kuliona. Vijana wengi wa ikulu walijiita wanawe, na kwake walijifunza neno la kawaida, mstari mfupi, na sentensi inayotua inapostahili kutua. Kwenye varanda za ndani za Abbey hiyohiyo amezikwa Henry Lawes, mwanamuziki aliyetia mashairi yao kwenye nyimbo. Usimruke. Mashairi haya yalisambaa kwa kunakiliwa kwa mkono na kuimbwa kwa luti, ndugu wa udi wetu, kabla mengi hayajafika kwa mpiga chapa.

Nje, upande wa magharibi, kuna mnara wa ukumbusho wa wanafunzi wa shule ya Westminster. Hapo ndipo lilipokuwa gereza la Gatehouse, ambamo Richard Lovelace, mshairi mwingine wa kundi hili, alifungwa mwaka 1642 kwa kupeleka bungeni ombi la watu wa Kent la kumuunga mkono mfalme. Shairi lake la gerezani lina beti nne za mistari minane. Mistari inapishana, mizani 8 kisha 6. Msomaji aliyezoea tenzi atahesabu mizani na kudhani amemaliza, lakini Kiingereza hupimwa pia kwa mkazo. Gonga meza kwa kidole: mara nne kwenye mstari mrefu, mara tatu kwenye mfupi. Pigo la nne lililokosekana ndilo pumzi ya shairi. Ukilipita mbio, hoja ya shairi kwamba kuta za mawe pekee hazifanyi gereza inageuka kuwa kaulimbiu tupu.

Kisha nikapanda treni Paddington kwenda Totnes, Devon, safari ya muda wa karibu saa tatu. Dean Prior, parokia ya mshairi Robert Herrick, iko kilomita kama kumi kutoka stesheni. Agiza teksi ya kwenda na kurudi mapema. Herrick, mtoto wa sonara wa London, alikuwa kasisi hapa tangu 1629 hadi 1647, alipoondolewa kwa kushikamana na mfalme. Mwaka 1648, mfalme akiwa kifungoni, akachapisha mashairi takriban 1,400 katika kitabu kimoja. Baada ya ufalme kurudishwa mwaka 1660 naye alirejea parokiani, akafia hapa mwaka 1674. Kaburi lake halina alama. Kwangu yeye ndiye fundi kuliko wote, ingawa aliishi mbali na ikulu.

Chukua shairi lake la dafodili, maua ya njano ya majira ya kuchipua. Kila ubeti una mistari kumi, mizani 8 na 6, na katikati mistari miwili inakatika ghafla na kubaki mizani 2 tu kila mmoja. Katika wa kwanza wa ubeti wa kwanza, ua linaombwa lingoje, lingoje, walau hadi sala ya jioni, ambayo kasisi huyu alikuwa na wajibu wa kuiongoza. Kosa la kawaida ni kuipita mizani hiyo miwili haraka. Yote miwili ina mkazo, basi ipe muda wa mstari mzima. Barabara kuu ya A38 inapita kando kabisa ya kanisa na magari hayakomi, hivyo kama mlango uko wazi, lisomee ndani, kwa sauti.