Kitwitwi mwekundu Mikindani, na kusi bado haijaisha

Mwezi wa nane unaelekea ukingoni, kusi inavuma kweli kweli, na leo pale Mikindani, Mtwara, nimemwona kitwitwi mwekundu, ndege mdogo wa pwani. Mwekundu jamani, kuanzia shingoni mpaka tumboni, rangi ya tofali la kuchoma, na ule mdomo wake mrefu uliopinda kwa chini, anachoma matope haraka haraka hata hanijali. Nimesimama pale mikono inatetemeka nashindwa hata kushika darubini vizuri.

Ngoja nieleze kwa nini nimefurahi hivi. Kila ikifika miezi hii kuna mtu ataniambia ndege wako wamesharudi, nimewaona ufukweni Shangani, na ukimuuliza unakuta ni sululu, yule ndege mkubwa zaidi mwenye mdomo mrefu uliopinda. Sasa sululu mi siwahesabii kwenye kuwahi, kwa sababu wengine hawakuondoka kabisa. Hawa ndege wanaokuja kutoka kaskazini, wengi wakiwa bado wadogo mwaka wao wa kwanza hawarudi kwao kuzaa, wanabaki huku huku pwani mwaka mzima, wanakula, wanakua, utawakuta mwezi wa sita manyoya yamechakaa na rangi kijivujivu tu. Kwa hiyo kumwona ndege tu haitoshi, lazima umwangalie amevaa nini. Ule wekundu ni vazi la kuzalia, wanakuwa nalo huko Siberia juu kabisa ambako ndiko wanakotaga, na wakishafika kwetu linaanza kupukutika kidogo kidogo mpaka wote wanakuwa kijivu. Ukimkuta mwekundu namna ile mwezi wa nane ujue huyo ametoka huko juzi juzi, zaidi ya kilomita 9,000, na mwenyewe ana uzito wa gramu 60 hivi. Mi hiyo hesabu kila mwaka inanishinda kuizoea.

Na nadhani ni dume, ingawa kwa mbali siwezi kuapa. Madume ndo wanatangulia, majike yakishaanza kuatamia wao wanaondoka zao, tangu mwezi wa saba mwanzoni wako njiani. Afu majike yanafuata. Watoto wanakuja mwisho kabisa, peke yao, hakuna mkubwa wa kuwaonyesha njia, na bado wanafika.

Leo ilikuwa bamvua, zile siku maji yanapotoka na kujaa kupita kawaida, maji yalitoka mapema na kufika saa nne pale mbele ni tope na mchanga mtupu mpaka mbali. Watu wanakimbilia muda huo wakidhani ndo mzuri lakini ndege wanakuwa wametawanyika huko mwisho huwaoni vizuri. Mi nasubiri maji yaanze kurudi, yenyewe yanawasogeza taratibu mpaka wanakuwa karibu yako, na yakijaa kabisa wanahamia kwenye mashamba ya chumvi kupumzika.

Wakati nasubiri nikakutana na mama mmoja anatoka kuchokoa pweza, ndoo kichwani, nikamsalimia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza unaangalia nini huko. Nikampa darubini. Akaangalia weee, akasema hawa weusi kwa weupe nawajua, wanakula sana kaa, wanakuja na watoto wao. Nikageuka haraka. Kweli! Mlakaa wawili, mkubwa mweupe na mgongo mweusi, mdomo mnene kama wa kuvunjia kitu, na nyuma yake kinda mwenye mgongo wa kijivu anamfuata anapiga miluzi hanyamazi anataka kulishwa. Mlakaa hawa wanazaliana pande za Uarabuni, Ghuba mpaka Bahari ya Shamu, wanachimba shimo mchangani wanataga yai moja tu, na ule mchanga wa moto ndo unasaidia kuliatamia. Afu wanavuka na kinda lao mpaka huku na bado wanalilisha. Hawa wa leo wamewahi, kwa kawaida Mikindani nawaona baadaye, Msimbati ndo nawakuta wengi. Yule mama alijua habari ya watoto bila kusoma popote, amewaona tu miaka yote anapochokoa pweza, na mimi nilimsikiliza kuliko ninavyosikiliza wengi.

Mwaka 2024 aina 16 za ndege wa pwani wanaohama zilisogezwa kwenye hali mbaya zaidi ya kutishiwa kutoweka duniani, na huyu kitwitwi wangu wa mdomo uliopinda yumo. Upande wetu wa kusini tuna hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na mdomo wa Ruvuma tangu 2000, nashukuru sana, ila Mikindani iko nje ya hapo na haya matope yanaonekana kama eneo la bure tu, mtu anakata mikoko anamwaga kifusi. Mi naumia. Ndege akitoka Siberia akakuta kifusi anakwenda wapi?

Bamvua ijayo naenda Msimbati na nauli ya bodaboda nimeshaitenga. Na wewe uliyeko Lindi, Kilwa au Sudi, ukiona kitwitwi mwekundu wiki hizi andika tarehe, andika alikuwa mwekundu kiasi gani, piga picha hata ya simu. Sululu andika pia, ila za mwezi wa sita na wa saba ndo nazitaka zaidi, tujue nani alibaki.