Fazi ya Lazy Bones: leo imevuka saa saba mchana

Saa saba na dakika ishirini, bati juu linalia kwa jua, na pedali yangu ya fazi, kidude cha kukwaruzisha sauti ya gita nilichokiunda kuitafuta sauti ya albamu ya Lazy Bones!!, bado inaunguruma. Naandika harakaharaka kabla haijaghairi.

Saketi yenyewe sitairudia, mnaijua kwa kichwa: transista mbili za germani (zile za zamani, kabla ya silikoni), rezista nne, kapasita tatu. Kuilehemu kulinichukua jioni moja. Kuifanya ifanye kazi mchana kumenichukua wiki tisa.

Chanzo ni ubishi. Albamu ya Zango ilipotoka Juni 2023, WITCH, bendi ya roki ya Zambia, walikuwa hawajatoa albamu mpya tangu Kuomboka ya 1984, na kundi letu la mashabiki likagawanyika palepale. Wapo waliosema ile si WITCH. Ni Jagari, mwimbaji wao wa zamani, na Patrick Mwondela wa kinanda wamezungukwa na vijana wa Ulaya, tena Mwondela mwenyewe ni wa enzi ya disko, hakuwapo wakati wa fazi. Mimi nilikuwa upande wa pili na bado nipo. Bila Jacco Gardner kwenye besi na Nico Mauskoviç kwenye ngoma zile ziara zisingeanza, na Jagari angebaki mtu wa kusimuliwa tu. Walirekodi Lusaka, DB Studios, wakamwita Sampa the Great aimbe nao. Mnataka nini tena?

Ila kosa langu likawa kuongeza kwamba fazi ya albamu mpya ni safi mno. Gita la Lazy Bones!!, albamu yao ya 1975, lina uchafu fulani, kama linapita kwenye mchanga kabla ya kufika sikioni. Kuna mzee wetu mle kundini aliyefanya kazi Kitwe, kule Copperbelt ya Zambia, enzi hizo, hakuchelewa kunijibu. "Kijana, Lazy Bones ilirekodiwa Nairobi, kwa Sapra. Huo uchafu unaousikia ni wa studio, si wa pedali. Kama unabisha, tuletee."

Basi nikabisha.

Tatizo, kwa ambao hawajawahi kuumwa na germani: asubuhi pedali ilikuwa malaika. Saa moja, hewa ya baridi, volti kwenye kolekta (mguu wa kutolea sauti) ya transista ya pili 4.6, yaani karibu nusu ya betri, panapotakiwa. Nota inanyooka, inanenepa, inakufa polepole kwa heshima. Saa tano, volti 5.9. Saa saba, 7.4, na nota haifi tena, inanyongwa: prrt, kimya. Unapiga uzi, unasikia mlio wa mtu aliyekatizwa akitaka kuongea. Jioni inarudi kuwa malaika, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nilianza kwa kubadilisha rezista ya kolekta. Nikatoa ile ya kilo-omu 8.2, nikaweka ya kuzungusha kwa bisibisi. Nikairekebisha saa saba mchana hadi ikasoma 4.5, nikafurahi, nikala. Usiku ikasoma 1.8 na sauti imekuwa tope. Kwa hiyo nikawa na pedali mbili, ya mchana na ya usiku, na bisibisi ndiyo swichi. Nilirekodi hivyohivyo nikatuma kundini. Mzee akaandika: "Bendi ilikuwa inapiga mchana kweupe kwenye joto la Copperbelt, kwa sababu usiku kulikuwa na amri ya kutotoka nje. Wewe pedali yako inazimia ndani ya chumba?"

Iliniuma. Hasa kwa kuwa ana haki.

Wiki ya tano nilizipoteza siku nne nzima kwenye betri. Kuna imani kwamba betri ya kawaida ya zinki inaipa fazi sauti laini kuliko alkalini. Huenda imani hiyo ina ukweli, betri ya zinki ikichoka volti yake inalegea. Lakini haikuwa na uhusiano wowote na shida yangu, nilikuwa nakimbia tu. Na msiniambie nitumie adapta. Transista hizi ni PNP, aina inayotaka ardhi iwe chanya, kinyume cha pedali nyingi, na adapta moja ukiigawia pedali zote utaunguza kitu. Nimeshaunguza.

Halafu mita. Nilikuwa natumia ile ya njano ya bei ya kutupa ambayo kila mtu anayo. Kwa volti inatosha kabisa, sina ugomvi nayo. Kwa mikroampea inasema uongo, na uongo wenyewe unabadilika kila betri yake inavyoshuka. Niliazima mita nzuri kwa fundi redio mmoja, na hapo ndipo mambo yalipofunguka.

Nilimkuta anakula. Nikamwamkia, nikamweleza, nikamwonyesha bodi. Akaweka kidole kwenye transista ya kwanza, hakusema kitu, akatazama mita. Sindano ikaanza kupanda. Joto la kidole tu! Akatoa, ikashuka. Akaweka kwenye ya pili, sindano haikujali.

"Mwanangu," akasema, "unamtibu asiye mgonjwa."

Wiki zote hizo nilikuwa naihangaikia transista ya pili kwa sababu ndiyo ninayoipima. Anayevuja ni wa kwanza. Germani huvuja mkondo hata usipoipa kitu kwenye beisi, mguu wake wa kuamrishia, na mvujo huo huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi kumi za joto. Ya kwangu ilikuwa inavuja mikroampea 190 asubuhi. Piga hesabu: mchana ni karibu 400, na mkondo wote ambao ile rezista ya kilo-omu 33 inaweza kupitisha hapo haufiki 300. Transista ya kwanza inakuwa imejifungulia mlango yenyewe, ya pili inakufa njaa, volti inapanda, nota inanyongwa. Nimeiandika kwa aya moja. Niliishi nayo miezi miwili.

Nilikuwa na transista za germani kumi na mbili, aina ya AC128. Nikazipima zote, yenye nafuu ilivuja mikroampea 110. Nikaipa nafasi, ikanifikisha saa tano na nusu, ikaanguka.

Sasa msinipige mawe. Jana usiku nikang'oa germani ya kwanza, nikaweka silikoni, BC557 ya kawaida. Ya pili nikaiacha germani. Najua, najua, nilikuwa nawacheka watu wanaofanya hivi. Mara ya kwanza ikatoa sauti ya nyuki ndani ya kopo, kwa sababu BC557 ina nguvu nyingi kuliko inavyohitajika, nikaweka kapasita ndogo ya pikofaradi 220 kati ya beisi na kolekta kuziba ule ukali. Bisibisi ikarudi kazini, safari hii mara moja tu, rezista ya kolekta ikatulia kwenye kilo-omu 6 hivi.

Leo asubuhi, 4.5. Saa tano, 4.6. Saa saba, 4.7.

Nikaweka Lazy Bones kwenye spika, nikapiga juu yake. Gita la Chris Mbewe bado limenizidi kwa vidole, hilo si suala la umeme. Lakini ule mchanga upo. Ukigeuza voliumu ya gita chini kidogo, fazi inasafika bila kupoteza mwili, ukiirudisha juu inatafuna. Wawa, ile pedali ya kukanyaga inayolifanya gita liseme "wa-wa", nimeiweka baada ya fazi. Kabla yake inapiga mayowe kama bawaba kavu, na kuitibu hiyo kunataka rezista ambayo sitaitafuta leo.

Mpango ulikuwa wikendi hii nitoboe kasha, nipake rangi, niandike jina. Kasha lipo pale, ni kopo la biskuti. Sidhani kama litatobolewa.

Naongezea baadaye: rekodi niliituma kundini saa nane. Waliokuwa wanabishana kuhusu Sogolo, albamu iliyofuata, kama ni bora kuliko Zango (ni bora, magita yamepumua), wakanyamaza dakika kadhaa. Mmoja akauliza kama nitaipeleka kwenye onyesho WITCH wakija karibu na kwetu, nimwonyeshe Jagari. Nikacheka, ila nimeshaanza kulifikiria.

Mzee alijibu wa mwisho. "Mchanga nimeusikia. Gita limekaa. Sasa nitafutie besi ya Giddy King, maana hapo ndipo bendi ilipokuwa."

Nimesikiliza upande wa kwanza mara tatu tangu hapo, gita nimelizima kabisa kichwani, nafuata besi tu. Jirani ana besi isiyo na uzi wa tatu. Nakwenda kumgongea.