Mzungu wa nne

"Shangazi, hosteli nitapata?"

Ndilo swali la kwanza la binti wa kaka yangu juzi, hata hongera sijampa. Amechaguliwa vyuo viwili, vyote uhandisi, namba ya siri ya kuthibitisha imeshaingia kwenye simu yake na siku zinakwisha. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za kozi. Nikajikuta kimya, nanusa mshumaa uliozimika miaka mingi iliyopita.

Sisi wa 2011 tuliomba kupitia mfumo wa pamoja wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ulioanza mwaka mmoja tu nyuma yake. Unapanga kozi unazozitaka, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha unasubiri alama zako za PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, zikusemee. Uhandisi wa umeme ulibana. Nilisoma na watu wenye vichwa kunizidi, wakakosa. Mimi nikapata. Baba akachinja jogoo, nikapanda basi Mbeya alfajiri, nikashuka Ubungo usiku na tranka langu la bati. Kwamba kuchaguliwa ni jambo moja na pa kulala ni jingine, nilikuja kuambiwa na karatasi iliyobandikwa ukutani. Nilipitisha kidole jina kwa jina, mara tatu. Sikuwemo. Nje ya chuo wenye nyumba walitaka kodi ya miezi sita, na bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa halijatoka.

Dada mmoja wa mwaka wa pili, wa ujenzi, alinikuta nimekalia tranka kwenye ngazi. Hakuuliza natoka wapi wala nimefaulu vipi. Aliuliza, "Unakoroma?" Nikasema sijui, dada. "Basi leo tutajua." Akashika mkono mmoja wa tranka, mimi wa pili, tukapanda.

Kubebwa, ndivyo tulivyokuita kulala vile. Ilikatazwa, na kila mtu alijua. Kitanda cha chini, godoro la futi mbili na nusu, watu wawili, tukilala mzungu wa nne, nyayo zake zenye mafuta ya nazi karibu na sikio langu. Akitaka kugeuka alinigusa goti kwanza, tugeuke pamoja.

Usiku ninaoukumbuka kuliko yote ni ule wa mchoro wangu wa kwanza. Kipande cha chuma chenye tundu katikati, nikitoe mwonekano wa mbele, wa juu na wa pembeni, asubuhi kikusanywe. Umeme ukakatika. Ulikuwa mwaka wa mgao. Meza za chumba zilikuwa na wenyewe, basi dada akakunja godoro mpaka nusu, akalaza ubao wangu juu ya mbao za kitanda, akapiga magoti sakafuni na mshumaa. Mistari ya tundu lisiloonekana huchorwa kwa vipandevipande, na penseli yangu ya 2H ilikuwa inaruka kila ilipopita kwenye nyufa za ubao ule mkuukuu. Alisogeza mshumaa kufuata ncha ya penseli, sentimita kwa sentimita, mkono wa pili ameukinga chini nta isidondokee karatasi. Ikamdondokea yeye. Niliona ngozi ikishtuka. Mshumaa haukutikisika.

"Malizia," alisema. "Umebakiza wa pembeni."

Nilipata chumba muhula wa pili. Yeye akamaliza, akaenda kwenye mabarabara yake, tukapotezana. Leo nikisaini michoro ya vituo vya umeme, watu huhesabu alama zangu na shahada yangu. Mimi huhesabu na ule mkono.

Nimemjibu binti wa kaka athibitishe kozi anayoipenda, kulala tutajua la kufanya. La mwaka wangu wa tatu sikumwambia. Nilikuwa na kitanda changu peke yangu, kesho yake nina mtihani wa mashine za umeme, saa nne usiku mlango ukagongwa. Msichana wa mwaka wa kwanza, begi la kuburuta, kanga begani. Nilimsikiliza. Kisha nikamwambia ajaribu chumba kinachofuata.

"Asante, dada," alisema, kwa adabu kabisa. Nikarudi kwenye daftari. Nikasikia magurudumu ya begi lake yakipita ukumbini, yakafika mlango wa jirani, yakaupita bila kusimama.